Farasi wa Jumatatu

Tarehe 12 Februari

Sindano wangu,

Wewe! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikapiga kelele mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Yaani mafundi cherehani wote wa hapo nyumbani, na wamekuchagua wewe kwenda kusomea mashine za kiwandani? Miezi miwili? Na basi la kwenda huko kwenye mafunzo linaondokea hapa hapa mjini kwangu? Unataka Mungu akupe nini tena?

Sasa sikiliza. Ndege yako inatua Jumapili jioni, unalala kwangu. Basi lako ni Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo tuna Jumatatu nzima, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko, kama unavyojua. Usijisumbue kununua ramani. Ramani ya nini na mimi nipo? Miaka sita nimekaa mji huu, naujua kuliko jikoni kwa Mama.

Saa tatu asubuhi tunaanza na jumba la makumbusho. Hapo nakwenda karibu kila Jumatatu, nimeshawaandikia mara ngapi. Utamwona yule farasi wa shaba kwa macho yako, uache kunisumbua kwamba natia chumvi. Ukimtazama shingo inauma, nakwambia. Tukitoka hapo tunapanda boti. Tikiti ninazo tayari, usiniulize nimezipata wapi. Halafu mnara. Pale juu unauona mji mpaka unapoishia.

Kazini kwema. Hoteli imejaa, napokea wageni mpaka uso unauma kwa kutabasamu.

Msomee Mama yangu barua hii kama kawaida, na umwambie kwamba safari hii farasi ataonwa na watu wawili. Ukirudi umsimulie wewe, mimi amenichoka.

Njoo na viatu vizuri.

Mimi wako,
Redio


Tarehe 6 Machi

Redio,

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na leo sitaki kukatizwa. Nimekaa bwenini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Malengelenge manne mguu wa kulia, matatu wa kushoto. Wenzangu wa mafunzo wananiuliza nimetembea kutoka nyumbani?

Tuanze asubuhi. Uliniambia jumba la makumbusho ni "hapo tu". Hapo tu! Saa nzima na nusu kiguu na njia. Tulipita lile duka la vioo mara tatu, na mara ya tatu mwenye duka alitupungia mkono kwa sababu tumeshazoeana. Nikakwambia tumuulize. Ukasema, "Niulize njia katika mji wangu?" Nikamuuliza mimi kwa mikono, akatuonyesha kule kule tulikotoka. Na wewe ukasema ulikuwa unajua, ulitaka tu nione mtaa ule. Nione nini, Redio? Maghala na mapipa ya taka?

Tukafika. Mlango umefungwa, kibao kimetundikwa. Ulikisoma, ukanyamaza, na wewe kunyamaza ni habari ya kutangazwa. Halafu ukasema, "Wamefunga kwa dharura, bomba limepasuka." Tukakaa kwenye ngazi. Nikawa nangoja kuona mafundi bomba. Hakuja hata mmoja.

Haya, boti. Ukatoa tikiti zako mbili kwenye mkoba kwa madaha yote. Zimenyooka, hazina kunjo hata moja, zinanukia sabuni. Mkata tikiti akazitazama, akamwita mwenzake, wakazitazama wawili, wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Za mwaka juzi! Hata mimi nisiyejua lugha yao nilimwona akikuonyesha ule mwaka kwa kidole. Foleni yote nyuma yetu inaguna, na mimi nimesimama na gauni nililojishonea kwa ajili ya boti hiyo hiyo, lile la kola. Wiki mbili nimelishona gauni lile.

Mnara tuliuona, siwezi kusema uongo. Tuliuona tangu saa sita mchana, kila tulikogeukia upo. Kuufikia ndiyo ilishindikana. Mara reli, mara uzio, mara daraja lipo upande mwingine. Chakula cha mchana biskuti, kwenye benchi, njiwa wanatusimamia. Na tulipofika chini ya mnara wenyewe tukapanga foleni dakika arobaini, kumbe foleni ya choo. Jamani! Dakika arobaini, na hata haja sikuwa nayo.

Yote hayo ningecheka. Kweli, kwenye basi nilianza kucheka peke yangu. Lakini uliahidi kunisindikiza mpaka kwenye kiti changu. Ulinifikisha mlangoni pa kituo, ukasema unakwenda kuninunulia maji, na hukurudi. Nilichungulia dirishani mpaka basi likakata kona. Hilo la maji limeniuma kuliko miguu.

Sasa Mama yako anangoja. Siku naondoka alinishika mkono akasema, "Ukishamwona farasi tu, niandikie." Nimwandikie nini? Kwamba nimeuona mlango?

Na jambo moja. Kile kibao nilikinakili kwenye daftari langu la vipimo, herufi kwa herufi, hapo kati ya kiuno cha mwalimu mkuu na mabega ya bi harusi wa mwezi ujao. Unanijua, nisichokielewa nakiandika. Hapa kwenye mafunzo tuna mkalimani. Nitamuuliza bomba kwa lugha yao linaandikwaje.

Mwenye malengelenge saba,
Sindano


Tarehe 9 Machi

Sindano,

Pole na miguu. Lakini na wewe! Nani anatembea mji mkubwa na viatu vya kisigino? Nilikuandikia uje na viatu vizuri. Nikakwambia vaa raba zangu, ukasema haziendi na kola. Sasa kola imekusaidia nini?

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, wewe si mtu wa kutembea naye. Kila pazia, "hili limeshonwa na nani?" Kila koti linalopita, "bega limeshuka." Tulisimama robo saa mbele ya dirisha la duka kwa sababu sanamu la plastiki limevalishwa suruali yenye mshono uliopinda, ukataka kuingia ndani uwaambie. Kwa lugha gani? Nilikuvuta mkono mpaka begani. Ungekuwa unatazama mji badala ya pindo za watu, labda tungefika mapema.

Tikiti ni kosa dogo la tarehe, linampata yeyote. Bomba ni bomba. Vibao vya huku huandikwa kwa mkato, mtu anayejua lugha ya vitabuni tu hawezi kuvielewa, kwa hiyo usimsumbue mkalimani wa watu.

Mama mwandikie kwamba tulimwona farasi. Kwani utapungukiwa na nini? Mimi nimeshamwona mara mia, hesabu ya kwangu igawe kwa mbili. Ukimwandikia kwamba hatukumwona ataanza maswali, na maswali ya Mama unayajua.

Kuhusu maji, dukani palikuwa na foleni.

Usimsumbue mkalimani.

Redio


Tarehe 13 Machi

Redio,

Mkalimani wetu ni mtu mzima, amestaafu ualimu, na amezaliwa katika mji huo unaouita wako. Nilimpa daftari. Alisoma kwanza kiuno cha mwalimu mkuu, akaguna, halafu akafika kwenye kibao. Kinasema hivi: Jumatatu tunafunga.

Basi. Hakuna bomba.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu yeye yuko shule ya msingi. Walimu wao walikuwa wanawapeleka siku yoyote ila Jumatatu.

Nikakaa chini. Miaka sita, Redio. "Jumatatu iliyopita nilikuwa kwa farasi wangu." "Jumatatu hii ilinyesha, nikakimbilia makumbusho." Barua zako zote ninazo kichwani, maana Mama macho yake hayashiki herufi na mimi ndiye ninayemsomea, na sehemu ya farasi ananirudisha mara mbili. Wakati mwingine anawaita majirani wa ua mzima waje wasikilize, nami nasoma kwa sauti ya kutangaza. Ulikuwa unaingilia dirishani?

Siulizi kwa ubaya. Haya, nauliza kwa ubaya kidogo. Jumatatu unakwenda wapi?

Barua ya Mama naipeleka posta tarehe 22. Mpaka sasa sijaandika neno.

Sindano


Tarehe 18 Machi

Sindano,

Leo ni Jumatatu. Umeuliza nakwenda wapi. Siendi popote. Nafua nguo zangu, nalala, naamka, nalala tena.

Sipokei wageni. Tangu nifike hapa sijawahi kumpokea mgeni hata mmoja. Nipo orofa ya chini kabisa ya hoteli, chini ya ardhi, napiga pasi. Shuka, foronya, mashati. Hakuna dirisha. Tupo wanne, na mashine zina kelele, kwa hiyo hata kuongea hatuongei. Mimi, Redio, siongei kutwa nzima. Ukitaka kucheka cheka.

Kabla nguo hazijafuliwa tunapekua mifuko, ndiyo sheria. Hela na vitu vya thamani vinakwenda juu kwa msimamizi. Karatasi zinatupwa, na hizo za kutupwa ndizo nilizokuwa nachukua. Tikiti, ramani, vile vijitabu vya matangazo. Zilizolowa nilizianika juu ya bomba la mvuke, halafu nikazipiga pasi pole pole, moto mdogo. Ninalo sanduku zima. Wageni wanakwenda kuuona mji, wanaurudisha mifukoni, mimi nauokota. Ndivyo ninavyoujua.

Farasi nilimtoa kwenye kijitabu kilichokuwa ndani ya koti la mtu. Ni picha moja tu, amesimama, nyuma yake kiza. Nikamwandikia Mama mistari mitatu, kwa sababu mwezi ule sikuwa na la kuandika. Akajibu, kwa mkono wako mwenyewe, "Niambie zaidi kuhusu farasi." Barua nzima hakuuliza kitu kingine. Ningemwambia nini? Shuka? Nikamwambia zaidi.

Ile siku yetu nilifikiri nitaweza. Wiki nzima nilivisoma vile vijitabu kwa bidii ya mtu wa mtihani. Ukurasa wa siku na saa za kufungua ulikuwa umefutwa na maji. Na kituoni sikwenda kununua maji. Nilijifungia chooni nikalia, nikalisikia basi lako likitangazwa, na sikuweza kutoka na uso ule ukauona.

Nakuomba kitu kimoja tu, sitakuomba kingine. Mwandikie Mama kwamba tulimwona. Hana raha nyingine hapo nyumbani ila barua hizi. Ukimwambia ukweli, majirani wote uliowasomea watamcheka yeye, si mimi. Nakuomba, Sindano. Kwa udugu wetu.

Redio


Tarehe 21 Machi

Redio,

Barua yako niliifungua darasani nikajidunga kidole, mkufunzi akadhani nalia kwa sababu ya kidole. Nina hasira nyingi, sijui nianze na ipi.

Naanza na yangu. Jumapili ile nililala kwako, nikaona ile alama ya kuungua kwenye mkono wako, nikauliza, ukasema sufuria. Mimi! Mtu ninayeshika pasi kila siku ya Mungu, nikakubali sufuria. Nastahili kunyang'anywa cherehani.

Ya pili. Aibu ya kupiga pasi umeitoa wapi? Nguo isiyopigwa pasi haijamalizika kushonwa, mwulize fundi yeyote. Umejitukana, na mimi umenitukana humo humo.

Ya tatu ni hii, na hii uisome ukiwa umekaa. Mama alianguka. Mwezi wa Novemba, bafuni. Wiki sita hakutoka kitandani, mimi na jirani wa mlango wa pili tunamgeuza kwa zamu. Sasa anatembea kwa fimbo, mpaka mlangoni na kurudi. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Mwache na mji wake. Akijua atarudi, na hapa nina nini cha kumwonyesha?" Basi kila mwezi nikawa nakuandikia kwamba Mama hajambo, anakusalimu.

Na nilipokuwa naondoka alinituma. Alisema nikutazame vizuri. Nikiona una furaha, nifunge mdomo. Nikiona huna, nikwambie urudi. Jumatatu yote ile sikuwa natazama mapazia tu. Nilikuwa nakutazama wewe, na wewe ulikuwa umekazana kunionyesha mnara!

Umeelewa sasa? Wewe umekaa huko ili Mama aone fahari. Mama amekaa peke yake ili wewe uone raha. Na mimi katikati nasoma na kuandika uongo wa watu wawili, kwa sauti, mbele ya majirani. Nimechoka! Sina hamu nanyi nyote.

Simwandikii kwamba tulimwona farasi. Wala simwandikii kwamba hatukumwona. Mwandikie mwenyewe, jirani atamsomea.

Sindano


Tarehe 25 Machi

Sindano,

Wiki sita? Wiki sita kitandani, na Desemba ukaniandikia "Mama hajambo, ameipenda sana ile habari ya boti"? Malengelenge yako usinitajie tena maisha yako yote.

Nimemwandikia. Kurasa saba. Pasi, mifuko, sanduku, yote. Nimeitumbukiza posta asubuhi hii mbio mbio, kabla sijageuza mawazo, na nilipoisikia ikidondoka ndani nikataka kutia mkono niitoe.

Usinijibu kwanza. Naogopa.

Redio


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni jirani wa mlango wa pili. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Kupamba kumetosha.

Barua yako nimesomewa mara moja. Alitaka kuirudia nikakataa, nilikuwa na hasira. Bado ninayo, kwa hiyo isikilize.

Wewe nimekulea kwa kazi gani? Hebu nikumbushe. Nimefagia madarasa miaka ishirini na mbili, na wewe umekua ukinisaidia kubeba ndoo. Siku gani uliniona nikimficha mtu ndoo yangu? Leo wewe unanificha pasi. Aibu hiyo hukuipata kwangu, umeiokota huko kwenye mifuko ya watu.

Miaka sita kila nikitaka kusema rudi, nameza. Nasema nitamtoa mtoto kwenye mji wake mzuri, nimlete hapa atazame ukuta. Kumbe na huko ulikuwa unatazama ukuta. Si afadhali tungetazama ukuta mmoja?

Sindano naye aje tu. Nina maneno yake.

Majirani usiwahofie. Anayeandika hapa ni mmoja wao, na analia mpaka anachafua karatasi. Nimemwambia aache.

Mguu wangu haujambo. Hapana, nisiongope na mimi. Asubuhi unauma, mchana unatulia. Ngazi ya mlangoni siwezi peke yangu.

Njoo nyumbani. Kama utakaa au utarudi kazini kwako, hilo tutaliongea tukiwa tumekaa, mimi na wewe, uso kwa uso.

Lakini usije hivi hivi. Yule farasi nimempenda miaka sita. Zile wiki nilizolala kitandani, maumivu yakizidi, nilikuwa namwaza yeye, najiambia mwanangu amesimama mbele yake sasa hivi. Sikubali iwe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Nenda ukamtazame. Si Jumatatu. Uniandikie alivyo, na usiongeze kitu.

Mama yako


Tarehe 30 Aprili, Jumanne, saa nne asubuhi

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi ndani ya jumba la makumbusho. Sindano yupo ubavuni kwangu. Mafunzo yake yameisha Ijumaa, amerudi mjini jana, amevaa lile gauni la kola na raba zangu, na haziendi kabisa, nimemwambia. Amesema nikuandikie kwamba amefaulu na kwamba anaogopa kuja kukutana na wewe.

Kwanza, ruhusa. Wiki nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia msimamizi kwamba nataka Jumanne, halafu nataka na safari ya nyumbani. Nilipomwambia akanitazama akasema, "Wewe una likizo ya miezi mitatu imelala. Mbona hujawahi kuomba?" Kumbe ilikuwa kuomba tu. Nikaenda nyuma ya mashine nikajizaba kofi la paja.

Pili, njia. Leo tumeuliza watu wanne, na wa nne alikuwa yule yule mwenye duka la vioo, akacheka alipotuona. Kutoka hotelini mpaka hapa ni dakika kumi na mbili kwa mguu. Sindano amehesabu kwa saa yake. Dakika kumi na mbili, miaka sita.

Tatu, farasi. Umesema nisiongeze kitu.

Tulizunguka vyumba sita tukimtafuta. Mimi nilikuwa natafuta juu, macho kwenye dari, nikamkanyaga mtu. Mwisho nikamuuliza mlinzi. Akatupeleka kwenye chumba kidogo cha pembeni, kwenye kabati la kioo lenye vikombe na vifungo vya zamani. Nikamwambia hapana, farasi, yule mkubwa, nikanyoosha mikono kumwonyesha. Yule mlinzi akainama, akaniwekea kidole kwenye kioo.

Mama, farasi ni mdogo. Anaenea kiganjani. Pasi yangu ni kubwa kuliko yeye. Sikio moja limekatika, na kwenye picha halikuonekana. Amenyanyua mguu mmoja wa mbele, na umepinda kidogo, kwa hiyo anategemea kijiti kilichowekwa chini yake ili asianguke.

Sindano akanitazama, nikamtazama, tukacheka mpaka mlinzi akarudi kutunyamazisha. Halafu nikalia. Halafu Sindano akapachika uso kwenye kioo akasema kwamba pale tumboni, walipounganisha shaba, mshono umenyooka sawasawa. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akisifu mshono wa mtu tangu aje nchi hii.

Nilikuwa nakwambia kwamba ukimtazama shingo inauma. Inauma kweli, Mama, kwa kuinama. Tumemwinamia karibu saa nzima.

Hayo ndiyo yote. Sindano ameisoma barua hii yote kuangalia kama nimeongeza, amesema sijaongeza.

Ndege yetu inaondoka Ijumaa, tunafika Jumamosi asubuhi, wote wawili. Posta haitaniwahi, kwa hiyo barua hii naibeba mwenyewe. Jirani asijisumbue kuja kusoma, wala Sindano. Nitakusomea mimi, na sehemu ya farasi nitairudia mara mbili.

Mwanao